Nyuzi Alizoweza Kubonyeza

Kaka yangu alipenda nyuzi ngumu. Sisi wawili ndio tuliokuwa wapiga besi wa okestra yetu. Besi ni ile fidla kubwa kuliko zote, inayosimama wima na kumpita mtu kimo. Yake aliiwekea nyuzi za chuma tupu, nene, zilizokazwa sawasawa na waya wa ua wa ng'ombe. Mimi sikuziweza. Nikiishika besi yake kwa wimbo mmoja tu, vidole vyangu vya kushoto vilikuwa vinawaka. Yeye alicheka, akaniambia sauti haitoki bure.

Okestra yenyewe ni ndogo. Ni watu wa makanisa na shule za kati ya Kitale na Bungoma: walimu wengi, muuguzi mmoja, wakulima wachache, na mwongozaji wetu, mzee mstaafu aliyefundisha muziki maisha yake yote. Mazoezi ni Jumamosi, kwenye ukumbi wa kanisa Bungoma. Kaka alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, akikaa nje kidogo ya mji huo na mke wake na ng'ombe wao wa maziwa. Watoto wao walikuwa shule za bweni. Mimi nafundisha Kitale na nakaa Tuwan, peke yangu. Yeye ndiye aliyenifundisha besi nilipokuwa msichana, kwa chombo alichoachiwa na padri mgeni aliyerudi kwao. Cha pili, ambacho ndicho changu, kililetwa na okestra baadaye.

Hakuna duka Kitale wala Bungoma linalouza nyuzi za besi. Za gitaa utazipata hata kwa muuza chaja za simu. Zetu tulizipata zikiwa zimeshatumika, kutoka kwa wapigaji wa Nairobi waliobadilisha zao, au kwa mtu aliyesafiri akatukumbuka. Zilikuja vipande vipande, mmoja wa seti hii, mbili za seti ile, na ndiyo sababu tulijifunza kuchanganya. Kuchanganya si kuangalia unene peke yake. Uzi mmoja ukikazwa sana na jirani yake akalegea, upinde ukivuka kutoka huu kwenda ule unateleza, au unakwama, na wimbo unasikika kama unaimbwa na watu wawili wasiojuana. Uzi mwingine unashika vizuri ulimbo tunaoupaka kwenye upinde ili usiteleze, mwingine unaukataa. Mgumu kuridhisha ni ule wa sauti ya chini kabisa, kwa sababu ukiwa dhaifu okestra nzima inaelea. Kaka alikuwa ananiambia nivute upinde huku yeye amefumba macho, nami navuta, naye anasema bado. Tunatoa uzi, tunaweka mwingine, navuta tena. Mke wake alikuwa anatuletea chai, tunaisahau mpaka inapoa.

Mkono wake ulianza kukataa kwenye kukamua. Ng'ombe alikuwa akimkamua yeye mwenyewe kila asubuhi kabla ya shule. Mke wake akaona maziwa yanapungua, kisha kiwele kikavimba. Kaka akamlaumu ng'ombe. Daktari wa mifugo alikuja, akachoma sindano, akasema huyu mnyama hakamuliwi mpaka mwisho. Wifi yangu alinipigia simu kunieleza hayo kama malalamiko tu, kwamba mume wake siku hizi amekuwa mvivu, anaacha kazi nusu. Nilicheka naye. Hakuna kati yetu aliyefikiria besi.

Halafu Jumamosi moja, kwenye sehemu ya polepole ya wimbo, tukiwa tumeshikilia noti moja ya chini sisi wawili, yake ikaanza kushuka. Ilishuka kidogo kidogo kama sauti ya mtu anayesinzia akiongea. Nikamtazama mkono. Kidole chake kidogo kilikuwa kimenyanyuka kutoka kwenye uzi, na yeye anakiangalia. Mwongozaji alisimamisha watu wote akatugeukia. Kaka alisema nyuzi zake zimechakaa, na mimi nilimwamini.

Baada ya mazoezi aliniomba nimtafutie nyuzi nyepesi za juu, kwa muda tu. Nilikuwa nazo. Kuna aina ya nyuzi zinazotengenezwa kwa mpigaji anayesimama mbele peke yake. Ni nyembamba, kwa sababu hukazwa sauti ya juu kuliko ya kawaida. Ukiziweka kwenye besi ya okestra na kuzishusha mpaka sauti ya kawaida, zinabaki zimelegea, na kidole kinabonyeza kwa nguvu ndogo tu. Nikamwekea mbili za juu, nikaacha chuma chake chini. Siku ya kwanza alipiga mpaka shati likalowa jasho. Tatizo likawa mchanganyiko. Chini alinguruma, juu alinong'ona. Mwongozaji wetu hajui kuficha neno. Alisema mbele ya watu kwamba besi ile ina makoo mawili.

Nikabadilisha uzi wa tatu pia, ili koo liwe moja. Ikawa afadhali kwa muda, kisha akaanza kuniambia hata hizo zinamchosha. Nilimwona akibonyeza kwa vidole viwili mahali pa kimoja. Wakati watu wanapanda mahindi, uzi uliokuwa umebaki wa kwake mwenyewe ni ule wa chini tu, na huo alikuwa anaukwepa. Noti zake zilipofika alivuta upinde hewani, karibu na uzi, bila kuugusa, nami nikapiga kwa nguvu zaidi ili mwongozaji asijue.

Wifi ndiye aliyemlazimisha aende hospitali. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo nilimsindikiza Eldoret mimi. Daktari alikuwa mwanamke kijana. Alimwambia asukume, akaze ngumi, atoe ulimi. Alimshika ile nyama iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada, ambayo ilikuwa imebonyea, na akakaa akiiangalia kitambo. Walimpima na sindano na mashine. Tulipoitwa tena ndani, alituambia mishipa inayopeleka amri kwenye misuli inakufa, na hakuna dawa ya kuirudisha. Ugonjwa utaenda mkono wa pili, miguu, mwishowe koo na kifua. Alisema taratibu, wala hakuwa anaangalia saa. Kaka alimuuliza swali moja tu, kama vidole vitaendelea kuhisi. Akajibiwa ndiyo, atahisi kila kitu. Akatingisha kichwa, akamshukuru.

Tulirudi kupitia kwangu. Alikaa kwenye kiti nyumbani kwangu Tuwan, koti bado limemkaa mwilini, akiitazama besi yangu ukutani. Mimi nilijifanya natafuta majani ya chai.

"Itabidi unitafutie laini kuliko hizi," alisema.

"Nitatafuta."

"Na mama watoto usimwambie. Mimi nitamwambia."

Alimwambia baada ya wiki kadhaa. Wifi alinipigia simu, akaniuliza kama ni kweli, na nilipomwambia ndiyo akakata.

Nyuzi laini kuliko zile ni za utumbo wa kondoo, zinazosokotwa kama zamani. Kuna mpiga besi wa Kampala niliyekutana naye kwenye semina ya muziki wa kanisa. Nilimtumia ujumbe wa sauti nikamweleza kila kitu, maana sikuwa na nguvu ya kuandika. Akajibu kwamba anazo za marehemu mwalimu wake, na angempa shangazi yake anayefanya biashara Lwakhakha. Nilikwenda hadi mpakani kuzichukua. Shangazi huyo alikuwa katikati ya magunia ya vitunguu. Aliingiza mkono kwenye mfuko wa nguo akatoa kifurushi kilichonuka ngozi kavu. Akaniuliza hizi kamba zinafunga mnyama gani. Nilimwambia ni za muziki, za mtu mgonjwa. Alicheka, kisha akaniangalia usoni akaniambia pole, mwanangu, akaniwekea vitunguu kwenye karatasi bila kuombwa.

Nilizipeleka Bungoma siku hiyo hiyo. Kaka alikaa kwenye kiti akiniangalia nikizifunga, kwa sababu hakuweza tena kuzungusha vikazio vya nyuzi. Za utumbo tuliziweka juu na katikati, na chini tukaweka uzi wa nailoni uliovikwa waya mwembamba, niliokuwa nao akiba. Tulijaribu mbili tofauti za chini kabla hajasema sawa. Aliposimama akapiga, sauti ilitoka nzito yenye mikwaruzo kidogo, nzuri kuliko nilivyotarajia, na vidole vyake viliweza kubonyeza mpaka ubaoni. Aliegemeza paji la uso kwenye shingo ya besi akabaki hivyo. Wifi alikuwa amesimama mlangoni na sinia. Hakuja ndani.

Huo ulikuwa muda mzuri, ingawa mfupi. Mwongozaji alitusikiliza Jumamosi iliyofuata, kisha akanivuta kando akaniomba nami nilegeze zangu, nitafute nyuzi zinazofanana na za kaka, ili besi mbili ziwe kitu kimoja. Alikuwa ameshaelezwa. Nikatoa nyuzi zangu, nikaweka laini. Okestra ikawa na chini dhaifu, na hakuna aliyelalamika. Wapiga fidla walijifunza kupiga kwa sauti ndogo zaidi. Walifanya hivyo bila mtu kuwaambia.

Mvua ziliponyesha, nyuzi za utumbo zikaanza kunywa unyevu. Zinavimba, sauti inahama. Tunaanza wimbo akiwa sawa, tukifika katikati ameshuka. Ikabidi kila tukipumzika niweke besi yangu chini, niende kwake nikamkazie, huku watu wanangoja na yeye amesimama mikono ikining'inia. Sijui kama kuna jambo lililomuumiza kuliko hilo. Ila alianza kufika akiwa amechelewa, mazoezi yakiwa nusu.

Nilikuwa nimesoma mahali kwamba wengine nje huko hutumia ule uzi wa nailoni wa mashine ya kukata nyasi. Haujali mvua na ni laini. Nilikwenda Endebess kumwona mwalimu mwenzangu, nikaingia duka la pembejeo, nikaona roli zimetundikwa karibu na dawa za kuogesha ng'ombe. Muuzaji aliniuliza mashine yangu ni ya aina gani. Nilimwambia sina mashine, akanikatia vipande vya unene tofauti. Nilifurahi njia nzima kama mtu aliyepata dawa.

Nilipouweka, upinde ulitoa mlio kama wa mlango wa choo. Nikapaka ulimbo zaidi. Nikajaribu kipande kingine kinene kidogo. Kaka alikuwa amekaa, mkono wa kushoto umelala juu ya goti kama kitu alichowekewa hapo na mtu mwingine.

"Toa hiyo," alisema.

"Ni laini, kaka. Jaribu tu na kidole, usitumie upinde."

"Nimesikia. Toa."

"Sasa tutabaki na nini?"

Alimeza mate kwanza. Ulimi wake ulikuwa umeanza kuwa mzito, maneno yalitoka yakiwa yamelowa.

"Sikiza, dada. Si nyuzi. Umebadilisha zote. Nyuzi haziko na shida."

Nilikaa chini kwenye sakafu na zile nailoni mkononi. Miezi hiyo yote nilikuwa nimetafuta, nimefunga, nimefungua, na kila nilipopata nyingine nilihisi tumemsogeza mbali kidogo na yale maneno ya Eldoret. Yeye alikuwa ananiacha nitafute. Nadhani aliona nina haja nayo hiyo kazi kuliko yeye. Wifi alisikia kutoka jikoni, akaja, akamfuta mdomo kwa kitambaa, akarudi.

Pasaka ilikuwa inakaribia na tulikuwa na nyimbo tatu za kupiga kanisani. Nilidhani ameacha. Yeye ndiye aliyeleta wazo jipya. Mkono wa kulia bado ulivuta upinde. Uzi usiobonyezwa popote nao una noti yake. Nyuzi nne, noti nne. Akasema tuchague noti nne zinazorudi mara nyingi zaidi katika nyimbo zile, tukaze kila uzi kwenye noti yake, naye awe anangoja zamu ya noti hizo tu, nami nipige zilizobaki.

Kwa hiyo tukarudi kwenye ule mfuko wa nyuzi, lakini sasa mkono wa kushoto haukuwa kwenye hesabu. Tuliweza kutumia nyuzi nzito tena. Uzi mmoja ulitakiwa kushuka chini sana bila kulegea mpaka ugonge ubao, kwa hiyo tukachukua ule wake wa zamani wa chuma. Mwingine ulitakiwa kupanda, na wa chuma ungekatika, kwa hiyo pale tukaweka mwembamba. Tulizichanganya zisizofanana kabisa. Mimi nilivuta, yeye amefumba macho, na safari hii aliposema bado alisema kwa kutingisha kichwa. Alikuwa mkali kama zamani. Jumamosi mbili tulikosana kabisa juu ya uzi wa pili. Niliondoka nimekasirika, nikafurahi njiani kwamba nimemkasirikia kama mtu asiye mgonjwa.

Siku ya Pasaka kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama nje madirishani. Wimbo wa kwanza ulikwenda vizuri. Kaka alihesabu, akangoja, akavuta, na kila noti yake iliingia mahali pake. Wa pili pia. Mwongozaji alimtazama akainamisha kichwa kidogo, jambo ambalo hajawahi kunifanyia mimi.

Kwenye wimbo wa tatu upinde ulimtoka mkononi. Ulianguka kwenye saruji, ukadunda, ukasimama mbele ya viti. Mhudumu wa kanisa akauokota kwa adabu, akamletea. Kaka alinyoosha mkono wa kulia, vidole havikufunga. Mhudumu akadhani hajauona vizuri, akamsukumia tena kwenye kiganja, na tena, akitabasamu. Kaka akamwambia, kwa sauti ile iliyolowa, "Weka chini tu." Mhudumu hakuelewa maneno. Ilibidi muuguzi wetu, anayekaa na fidla nyuma, aje amchukulie. Mimi sikuacha kupiga. Noti zote zilikuwa zangu sasa. Kaka alibaki amesimama, amekumbatia shingo ya besi, kwa sababu ndiyo iliyokuwa inamshikilia asianguke. Watu walikuja baadaye kutupa mikono ya pongezi.

Baada ya hapo sikumletea nyuzi tena. Nilikuwa nafika kila Jumamosi, namlisha uji kwa kijiko wifi akipumzika. Wajomba zetu walikuja, wakasema ugonjwa huu si wa hospitali, mtu amefungwa kwa uchawi, na mmoja akaionyesha besi kwa kidole akauliza ilitoka wapi kwanza. Watu wa maombi walikuja pia, wakamwambia aamini. Yeye hakuweza kujibu, ila macho yake yalikuwa yanahama kutoka kwa msemaji hadi kwangu, na nilijua anataka waende. Niliwaomba waende. Wajomba hawajaongea nami vizuri tangu hapo.

Alikufa wakati wa baridi, mahindi yakiwa yamechanua. Alikuwa amehisi kila kitu, kama daktari alivyosema. Okestra ilikuja mazishini, ikapiga bila besi. Niliombwa, nikakataa.

Wiki chache baadaye wifi alinipigia simu. Aliniambia nije nichukue kile chombo. Nikamuuliza kama wajomba wamemsumbua. Akasema hapana.

"Hii kitu inaongea," alisema.

Nilielewa. Nyuzi za besi zikiwa zimekazwa, sauti nyingine ikipita karibu zinaitikia zenyewe. Trekta ya miwa ikipita barabarani, uzi wa chini unanguruma. Radi ikipiga, zote nne. Lakini yeye hakuwa akizungumzia matrekta.

"Nikiomba, inaitikia," alisema. "Niko peke yangu kwa nyumba, naomba, na inaitikia. Mimi siwezi."

Nilikwenda kesho yake. Nyuzi zilikuwa zile zile za Pasaka. Desturi ni kutoa mmoja mmoja na kuweka mwingine kabla hujagusa unaofuata, kwa sababu mvuto wa nyuzi ndio unaoshikilia daraja, ule ubao mdogo unaozinyanyua juu ya kifua cha besi, na kijiti kidogo kilichosimama ndani bila gundi. Siku hiyo nililegeza zote. Wifi alinitaka nifanye hivyo kabla hatujaitoa nje ya mlango. Uzi wa mwisho ulipolegea, daraja likaja mkononi mwangu, na ndani ya tumbo la besi kijiti kikaanguka. Kilitoa mlio mdogo wa mti kwa mti, kikabingirika, kikatulia.

Wifi alikuja kutoka jikoni. "Nini imevunjika?"

"Hakuna. Ni kijiti cha ndani. Fundi wa Nairobi anaweza kukisimamisha."

"Na asipokisimamisha?"

"Haitalia."

"Basi wacha hivyo," alisema.

Tuliilaza kwenye pikapu juu ya godoro, tukaifunga. Wifi alitoka na blanketi akaifunika, akaipapasa mara moja kwa kiganja, akaingia ndani kabla gari halijaondoka.

Iko kwangu Tuwan, kwenye kona ya chumba. Nikiisogeza ili nifagie, kijiti kinabingirika ndani. Nyuzi nimezikunja zote kwenye mfuko mmoja, chuma, utumbo na nailoni, na sijui nitamwekea nani. Okestra imeniuliza kuhusu besi hiyo mara kadhaa, nami nasema bado sijapata fundi. Sijamtafuta.

Jumamosi naenda Bungoma na yangu. Wapiga fidla wanalalamika kwamba huku nyuma hakusikiki mtu. Mwongozaji alinifuata juzi, akangoja nimalize kufuta ulimbo kwenye nyuzi, akaniomba nipige kwa nguvu zaidi, nijaze nafasi ya wawili. Nilimwambia nitajaribu.